Pikapu Si Lori

Imekuwa desturi ya matajiri wengi wa ujenzi kuokoa gharama ya lori kwa kufunga jenereta au kompresa nyuma ya pikapu, kisha dreva huambiwa, "Twende, ni karibu tu." Mimi nasema "ni karibu" si kipimo cha uzito, wala haisimamishi trela.

Pikapu ina nguvu ya kuvuta, hilo sikatai. Taabu ni kusimama. Hilux za siku hizi zenye nguvu zaidi huruhusiwa na watengenezaji kuvuta hata kilo 3,500, lakini trela ikiwa haina breki zake yenyewe, ni kilo 750 tu. Sasa mfikirieni dreva anayeteremka kwenda Mai Mahiu na jenereta ya tani mbili isiyo na breki. Breki za gari dogo zinafanya kazi ya magari mawili, zinashika moto, halafu anakanyaga na hazishiki. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuzuiwa inazidi mara nne. Gia ndogo itiwe juu, kabla ya kuanza kushuka. Katikati ya mteremko umechelewa.

Tena kuna kupakia. Katika kila kilo 100 za trela na mzigo wake, kilo 10 hadi 15 zilalie kifungio cha pikapu. Uzito ukirudi nyuma ya ekseli, trela huyumba na kulitupa gari. Na uzito huo wa kifungio huhesabiwa pamoja na watu na saruji waliomo ndani ya pikapu, jambo ambalo manyapara hawapendi kulisikia.

Lakini dreva atajuaje uzito, ikiwa kibao cha mashini kilibanduka zamani? Maoni yangu ni kwamba chama kidai katika mapatano yajayo kila mashini ya kuvutwa iandikwe uzito wake ubavuni kwa rangi. Kopo moja la rangi halimfilisi tajiri.

Wengine watasema anayekataa atafukuzwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakataza kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo lisilo salama. Basi dreva amwambie msimamizi mbele ya taniboi wake, na siku ile ile amwandikie mjumbe wa chama: namba ya gari, mashini gani, na nani aliyetoa amri.