Kumbukumbu za kale zatabiri kupatwa kwa nyota mwaka 2080

Mwaka 2080, nyota iitwayo TYC 2505-672-1 inatarajiwa kuanza kufifia, na hali hiyo itadumu kwa takriban miaka mitatu na nusu. Utabiri huo, uliotolewa na watafiti nchini Marekani mwaka 2016, haukutokana na darubini za kisasa pekee. Msingi wake ni mabamba ya kioo ya picha yaliyohifadhiwa kwa miongo mingi.

Nyota hiyo ni jitu jekundu lenye mwenzake mdogo, mwenye joto kali na aliyezingirwa na wingu pana lenye umbo la sahani. Kila baada ya miaka 69, wingu hilo hupita mbele ya jitu hilo na kuuziba mwangaza wake. Tukio la karibuni lilianza mwaka 2011 na kumalizika 2015.

Hata hivyo, tukio moja halitoshi kutengeneza kalenda. Watafiti walirejea picha za anga ambazo Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuzikusanya miaka ya 1880, wakabaini kwamba nyota hiyo hiyo ilififia kati ya mwaka 1942 na 1945.

Kumbukumbu hizo zimenusurika kwa shida. Katika miaka ya 1950 upigaji picha ulikatizwa ili kupunguza gharama, likabaki pengo la zaidi ya miaka kumi. Nyota iliyopatwa ndani ya pengo hilo yaweza kudhaniwa kuwa na mzunguko mrefu maradufu ya ule wa kweli. Januari 2016, bomba la maji lilipasuka na kulowesha makumi ya maelfu ya mabamba. Leo zaidi ya mabamba 400,000 yamekwisha kuingizwa kwenye kompyuta, yakiwemo yaliyopigwa Bloemfontein, Afrika Kusini, ambako Harvard ilihamishia kituo chake kutoka Peru mwaka 1927.

Darubini mpya ya Vera Rubin nchini Chile imepangiwa kuchunguza anga kwa miaka 10. Itashuhudia nyota nyingi zikififia, lakini peke yake haitaweza kusema ni zipi zitafifia tena baada ya miaka 70. Akiba haiozi, walisema wahenga. Kwa wanaopanga bajeti za sayansi, kutunza vipimo vya jana ni sehemu ya utafiti wenyewe, si gharama ya ziada.