Pawasaplai: Kuwaka Si Uzima



Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, na kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida alizisikia kwa jina tu. Leo mambo yamebadilika. Hata katika kata ya Nambis, wilayani Mbulu, kijana aweza kuuza gunia lake la vitunguu saumu, akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, akafungua duka la kuchapa barua na fomu. Basi siku mashine hiyo inapoanza kujizima yenyewe katikati ya kazi, riziki ya nyumba nzima imo mashakani.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Mwenye mashine huambiwa mazabodi imekufa. Hununua nyingine, na kompyuta huendelea kujizima vilevile. Kabla ya kununua chochote, hatuna budi kukipima kile kisanduku cha chuma ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa mikondo midogo ya volti 12, 5 na 3.3, ambayo ndiyo chakula cha mashine.

Wengi huiwasha tu, wakaona feni inazunguka, wakasema ni nzima. La hasha! Mkulima anunuapo punda hatosheki kumwona amesimama zizini. Humtwika gunia akapanda naye mlima. Pawasaplai nayo hupimwa ikiwa na mzigo.

Kwanza, mwombe fundi umeme apime soketi ya ukutani. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu yaweza kupata umeme hafifu, hasa jioni watu wengi wanapowasha vyombo vyao. Ikiwa kosa liko hapo, kisanduku hakina hatia. Tazama pia swichi ndogo nyekundu iliyo nyuma ya baadhi ya pawasaplai: ni lazima isomeke 230. Ikisomeka 115, kisanduku kitaungua mara kitakapochomekwa.

Pili, tafuta multimita, uiweke kwenye mkondo mnyoofu, kipimo cha volti 20. Kompyuta ikiwa inafanya kazi, tafuta plagi ya matundu manne isiyotumika. Gusa waya mweusi kwa ncha nyeusi ya kipimo, na waya wa njano kwa ncha nyekundu. Yafaa usome kati ya volti 11.4 na 12.6. Kwenye waya mwekundu, yafaa usome kati ya 4.75 na 5.25. Waya wa rangi ya chungwa, ulio kwenye plagi kubwa ya mazabodi, husoma kati ya 3.14 na 3.46. Angalia ncha mbili za kipimo zisigusane. Fahamu pia kuwa kampuni nyingine hutumia plagi na rangi za kwao; hapo mwachie fundi anayezijua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, itwishe mashine kazi. Fungua programu nyingi, cheza filamu, nakili mafaili makubwa, kwa muda wa nusu saa, huku ukisoma kipimo kila baada ya dakika tano. Pawasaplai nzima hutikisika kidogo tu. Iliyochoka huanza na 12.1, ikashuka 11.7, kisha 11.2 kadiri joto linavyopanda, na mashine ikazimika. Mara nyingi chanzo ni kapasita zilizovimba kwa uzee, au vumbi lililoziba feni.

Iwapo vipimo vyote vimetulia na mashine bado inajizima, usiitupe pawasaplai upesi. Multimita haioni mitikisiko ya kasi sana. Hiyo huonekana kwa osiloskopu. Azima pawasaplai nyingine unayoijua kuwa nzima na yenye wati za kutosha, uifunge kwa siku mbili. Ugonjwa ukiendelea, ndipo uchunguze memori, joto la prosesa na mazabodi.

Onyo moja, ndugu msomaji: usikifungue kisanduku hicho nyumbani. Ndani yake kapasita kubwa huhifadhi zaidi ya volti 300, na zaweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa. Watoto wasikikaribie.

Mwisho, weka daftari kando ya mashine. Andika tarehe na vipimo vitatu kila baada ya miezi mitatu. Volti zikianza kushuka, utajua mapema, nawe utapata muda wa kunakili kazi za wateja wako na kuweka akiba ya kununua pawasaplai tu, badala ya kompyuta nzima.