Githeri ya Embu na Maneno ya Washington

Mwaka 1998, katika tarafa ya Kyeni Kusini wilayani Embu, Kenya, sufuria za githeri zilianza kuinjikwa kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza. Githeri ndiyo makande ya Watanzania na pure ya watu wa Pwani: mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika. Shule 12 ziligawanywa kwa kura katika mafungu manne. Fungu moja lilipata githeri iliyotiwa nyama ya kusaga. La pili lilipata githeri tupu na glasi ya maziwa. La tatu lilipata githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu inayoingia mwilini ilingane na ya wenzao. La nne halikupikiwa chochote, na familia zake zikafidiwa kwa mbuzi.

Utafiti huo, ulioongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulifuatilia watoto zaidi ya 500 kwa karibu miaka miwili. Walipimwa urefu, uzito, damu na unene wa misuli ya mkono. Walioneshwa michoro iliyokatwa kipande na kuulizwa ni kipande kipi kinachoikamilisha, jaribio linalopima uwezo wa kufikiri bila kutegemea kusoma. Wakati wa mapumziko, watazamaji walikaa kando ya uwanja wakiandika ni nani anakimbia, nani amekaa kivulini na nani anaanzisha mchezo.

Waliokula githeri yenye nyama waliwashinda wenzao wote kwenye jaribio la michoro. Misuli yao iliongezeka zaidi, na uwanjani ndio waliochangamka na kuongoza wenzao. Kwa kuwa fungu la mafuta lilipata nguvu ileile, haiwezekani kusema siri ilikuwa shibe tu. Nyama ilileta kitu ambacho mahindi na maharage hayana au yanacho katika hali ambayo mwili hukipata kwa shida: vitamini B12, madini ya chuma na zinki. Kabla ya utafiti kuanza, upungufu wa B12 ulikuwa umeenea miongoni mwa watoto hao.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ulizaliwa Washington.

Februari 2005, kwenye mkutano wa wanasayansi katika jiji hilo, Lindsay Allen, mtaalamu wa lishe wa Idara ya Kilimo ya Marekani aliyeshiriki katika utafiti wa Embu, alieleza matokeo hayo kisha akaenda mbali zaidi. Alisema ni kinyume cha maadili kwa wazazi kuwalea watoto wao kwa mimea pekee. Kauli hiyo ilizunguka dunia kwa siku chache. Wanaojiita vegani, yaani watu wasiokula nyama, samaki, mayai, maziwa wala kitu kingine chochote kitokanacho na mnyama, walijibu kwa ukali. Walikuwa na hoja nzito mkononi: miongoni mwa waliochangia fedha za utafiti ule ni National Cattlemen's Beef Association, chama cha wafugaji wa ng'ombe wa nyama wa Marekani.

Tangu hapo kila upande una Embu yake. Kwa mtetezi wa nyama, Embu ni ushahidi uliofunga mjadala. Kwa mpinzani wake, ni propaganda ya wafugaji iliyovishwa koti jeupe la maabara. Wote wawili wanamkosea mtoto aliyekaa na bakuli lake pale Kyeni.

Wanaoshuku fedha hizo wana sababu ya kushuku. Mwaka 1967 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha tathmini ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard iliyoyatwisha mafuta mzigo wa maradhi ya moyo na kuipunguzia sukari lawama. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, watafiti wa California waliofukua barua za zamani walionesha kwamba taasisi ya wafanyabiashara wa sukari, Sugar Research Foundation, ndiyo iliyoagiza kazi hiyo, ikaona rasimu kabla haijachapishwa na kuwalipa waandishi dola 6,500. Msomaji wa mwaka 1967 hakuambiwa neno. Kwa nusu karne sukari ilipata wakili ambaye hakuna aliyejua nani anamlipa.

Lakini Embu si Harvard ya mwaka 1967. Kwanza, mchango wa wafugaji ulitajwa waziwazi kwenye ripoti, sambamba na ule wa shirika la misaada la Marekani, USAID. Pili, matokeo yenyewe hayakuinamia upande wa mifugo kila mahali. Watoto waliopewa maziwa hawakufanya vizuri zaidi kwenye jaribio la michoro kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Maziwa yalisaidia urefu, tena zaidi kwa wadogo na waliokuwa wamedumaa, lakini kwenye jaribio lile wenzao wa githeri yenye mafuta waliwapita. Mtu anayetaka kuuza maziwa hana sababu ya kulitangaza hilo. Watafiti walilichapisha.

Kwa hiyo swali la nani alilipa ni la lazima, ila halitoshi. La pili, ambalo huulizwa mara chache zaidi, ni hili: kitu gani kililinganishwa na kitu gani? Pale Kyeni, githeri yenye nyama ililinganishwa na githeri yenye maziwa, githeri yenye mafuta, na kutopewa chochote. Haikulinganishwa na githeri iliyoongezwa B12, chuma na zinki. Sufuria hiyo haikuinjikwa. Anayesema Embu ilithibitisha kwamba kula mimea pekee humdhuru kila mtoto duniani anasimulia shindano ambalo mshindani mmoja hakuingia uwanjani.

Ndiyo maana hata mabaraza ya wataalamu yanaweza kutofautiana bila mmoja wao kuwa amehongwa. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani, Academy of Nutrition and Dietetics, kilisema chakula cha mimea pekee kikipangwa vizuri kinamfaa mtu wa kila umri, kuanzia mtoto mchanga. Mwaka huohuo jumuiya ya lishe ya Ujerumani, DGE, ilisema haikipendekezi kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Yote mawili yalikubaliana katika jambo moja: anayeacha vyakula vyote vya wanyama lazima apate B12 kutoka kwenye kidonge au chakula kilichoongezewa. Mtangazaji wa upande wowote anayeruka sentensi hiyo anastahili kutiliwa shaka.

Na upande wa mimea nao una watangazaji wake. Januari 2022 mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza, ASA, ilizuia matangazo kadhaa ya Oatly, kampuni ya Sweden inayouza kinywaji cha shayiri. Moja lilidai kwamba Oatly huzalisha asilimia 73 pungufu ya hewa chafu ikilinganishwa na maziwa. ASA iligundua kuwa hesabu hiyo ilihusu bidhaa moja tu ya kampuni, toleo la wauza kahawa, ikilinganishwa na maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Mteja aliyesoma tangazo angeelewa kwamba ni bidhaa zote za Oatly dhidi ya maziwa yote. Kwamba ng'ombe huchafua hewa zaidi ya shayiri ni kweli iliyothibitishwa mara nyingi. Tangazo halikuhitaji kuivuta kweli hiyo mpaka ikapasuka.

Inasaidia pia kumjua mwenye duka. Danone, mojawapo ya kampuni kubwa za maziwa duniani, ilinunua WhiteWave mwaka 2017 na hivyo ikamiliki Alpro na Silk, majina yanayojulikana kwa vinywaji vya soya na lozi. JBS ya Brazil, kampuni kubwa kuliko zote za nyama, ilinunua Vivera ya Uholanzi inayotengeneza nyama ya mimea mwaka 2021. Mnunuzi wa Ulaya anayedhani ameihama kampuni ya nyama kwa kuchagua pakiti ya kijani huenda amehamia rafu nyingine ya duka lilelile.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili linagusa tumbo. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Kenya wamedumaa, na Tanzania ni asilimia 30. Mtoto wa Embu hakuwa amechagua kutokula nyama. Aliikosa. Kumtumia kama hoja dhidi ya familia ya London inayonunua kidonge cha B12 dukani si haki, na kumpuuza kwa sababu wafugaji wa Marekani walichangia mfuko si haki vilevile. Mama asiye na kidonge, wala unga ulioongezewa virutubishi, anahitaji kuambiwa bila woga kwamba yai, dagaa wanaoliwa wazima au kijiko cha nyama ya kusaga kwenye makande kitamfaa mwanawe.

Nani amwambie? Isiwe anayemuuzia. Dunia ilishawahi kuliona hilo: Mei 1981 nchi 118 zilipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa ya kopo ya watoto, Marekani peke yake ikipinga, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Hatua inayofuata inaeleweka kirahisi. Kila tangazo linalodai kuwa chakula fulani hukuza akili au urefu wa mtoto, kiwe cha ng'ombe au cha soya, litaje utafiti linaoutegemea, nani aliulipia na chakula hicho kililinganishwa na nini. Mambo matatu, kwa Kiswahili, kwenye pakiti ileile iliyochorwa mtoto mwenye mashavu.

Watoto waliokuwa darasa la kwanza Kyeni mwaka 1998 sasa wamevuka miaka 30, na huenda wengi wao ni wazazi. Damu yao ilipimwa, michezo yao ikaandikwa kwenye madaftari, kisha matokeo yakasafiri hadi Washington na kurudi yakiwa nusu. Wanastahili kuyasikia yote: kwamba nyama kidogo kwenye githeri ilisaidia, kwamba maziwa hayakuwasaidia kwenye ile michoro, na kwamba githeri yenye B12, chuma na zinki haikuwemo kwenye sufuria zile.