Gari Likichemsha, Uliza Maji Yamekwenda Wapi



Mwaka jana ukurasa huu ulihusu betri. Mwaka huu nimeombwa, khasa na mama zetu, niandike juu ya gari kuchemsha, kwani wao ndio wanaokaa nyuma na watoto pale gari linapozimwa kando ya njia. Kutoka kwetu mpaka Maskati ni mwendo wa kiasi cha saa tatu, na mwezi wa Juni joto la kivulini huweza kupita nyuzi 45. Mtoto mchanga hawezi kumngojea fundi katika hali hiyo.

Desturi yetu ni kubeba madumu ya maji na kuongeza kila tusimamapo. Dumu ni jambo jema, lakini si tiba. Maji ya rejeta huzunguka mle mle, hayaliwi na injini. Yakipungua kila wiki, basi kuna mahali yanatokea, na kazi yako ni kupajua. Tazama chini ya gari asubuhi kabla hujaliwasha. Pitisha mkono kwenye mipira na kwenye pampu ya maji. Ukiona pote pakavu na maji bado yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, mapovu ndani ya rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo usiendeshe tena; hedi za siku hizi ni za aluminiamu, na zikizidi moto hupinda.

Ikiwa maji hayapungui na gari linachemsha vivyo hivyo, jiulize linachemsha wakati gani. Swali hili lina thamani kuliko vyombo vingi vya fundi. Mshale ukipanda mkiwa mmesimama kwenye taa za Ibra, ukashuka mkishika kasi, ugonjwa ni wa feni: kasi hupeleka upepo ambao feni imeshindwa kuupeleka. Namjua jamaa aliyebadilishiwa rejeta mara mbili kwa ugonjwa huu, kumbe ni fyuzi ya feni iliyoungua. Hakuna aliyemuuliza lile swali, naye hakulisema.

Kinyume chake, likiwa tulivu mjini na kuchemsha kwenye kasi au kwenye mlima, maji hayapiti ya kutosha, au hayapozwi. Pengine pampu imechoka. Pengine mchanga na wadudu wameziba matundu ya rejeta kwa nje. Lakini kwetu sisi mara nyingi ni chumvi. Tazameni ndani ya birika la nyumbani, lile gamba jeupe. Gamba hilo hilo hujijenga ndani ya vijia vya rejeta anayetiliwa maji ya kisima au ya falaji mwaka hata mwaka. Tumieni kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri. Kulanti si anasa ya watu wa nchi za baridi: huzuia kutu, na hufanya maji yachelewe kuchemka.

Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, huku mpira mmoja wa rejeta ni wa moto na mwingine baridi, thamostati imekwama. Hiki ni kilango kidogo kinachofunguka maji yafikapo kiasi cha nyuzi 82 mpaka 88. Wako wanaoking'oa na kukitupa. Sikubaliani nao.

Vijana wanaopeleka wageni kwenye ramla wajue kwamba mchangani injini hufanya kazi kubwa na gari huenda polepole, hivyo upepo ni haba. Aidha kusi likivuma nyuma yenu, gari linakimbizana na upepo na rejeta hupata kidogo. Mkisimama kulipumzisha, ligeuzeni pua lielekee upepo.

Mshale ukipanda njiani: zima eyakondishani, fungulia hita mpaka mwisho (najua, mtanilaani, lakini hutoa moto kwenye injini), kisha egesha. Watoto washuke upande usio wa barabara, wakae kivulini. Mshale ukianguka ghafula bila sababu msifurahi. Huenda maji yamekwisha na kipimo kinapima mvuke. Kifuniko kisiguswe mpaka mpira wa juu uwe laini na unashikika kwa mkono. Ndani ya rejeta iliyofungwa maji hukaa kwenye mkazo, hata yakapita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukifungua yanalipuka yote mara moja, usoni. Wala usimimine maji baridi juu ya injini yenye moto, itapasuka.

Wanaokwenda Jabal Akhdar wakitazame kifuniko hicho kabla ya kuondoka. Kule Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93. Kifuniko kilicholegea, ambacho hapa Jalan hakikuwasumbua, kitawaumbua huko mlimani mbele ya wakwe. Kikiwa na mpira uliopasuka, nunueni kipya chenye mkazo ule ule ulioandikwa juu ya cha zamani.