Nani Anunue Karatasi ya Tribinali?

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, ambacho kila mwanafunzi anacho mbele yake asubuhi akiingia darasani: karatasi. Huenda mtasema, "Leo Mwalimu amekosa habari." Subirini kidogo. Kuna siku ambayo karatasi moja huwa nzito kuliko jiwe la kusagia, nayo ni siku mtu anaposimama mbele ya hakimu.

Mjane mmoja alitujia jioni, baada ya masomo. Shamba alilomwachia marehemu mume wake lilikuwa limeshindaniwa na shemeji zake, na baada ya miezi mingi tribinali ilimpa haki. Lakini hukumu iliyotamkwa kwa mdomo haimwondoi mtu shambani. Yahitajiwa nakala iliyoandikwa, yenye muhuri na sahihi. Basi alikwenda kwa karani. Karani yule ni mtu mpole. Hakumtukana wala hakumwomba fedha ya mfukoni. Alimwambia tu: "Mama, hukumu yako ipo, lakini karatasi hatuna. Ulete rimu moja, na wino wa mashine kama waweza, nasi tutakuandikia."

Mama yule akatuuliza: "Mwalimu, je, hiyo ni sheria? Na kama sina fedha ya rimu, shamba si langu tena?"

Karatasi tulimtafutia, akaandikiwa nakala yake. Lakini swali lake lilibaki nasi. Nalo lilituchoma zaidi tuliposikia kwamba shemeji zake nao walikuwa wamepeleka rimu mbili pale pale, wakati kesi ilipokuwa bado inasikilizwa. Hatusemi kwamba hakimu alipinda kwa ajili ya karatasi hizo. Matokeo yaonyesha kwamba hakupinda. Lakini je, mjane angalipoteza, nani angalimsadikisha kwamba rimu mbili hazikumshinda? Wazee wetu walisema: mkono mtupu haulambwi. Tribinali inayopokea karatasi mkononi mwa mdai hujiweka mahali pabaya, hata ikiwa safi. Nayo tribinali yahitaji mambo mawili: itoe haki, na watu waamini kwamba imetoa haki.

Tofautisheni vema. Ada za tribinali zipo, na si dhambi kuzidai. Anayeomba nakala hulipa kiasi kilichowekwa, hupewa stakabadhi, na fedha ile huingia katika hazina ya Serikali. Lakini rimu haina stakabadhi. Haiandikwi katika kitabu chochote; hakuna ajuaye ni karatasi ngapi zilitumika kwa hukumu na ngapi zilikwenda nyumbani. Hapo ndipo mahali pa ugonjwa.

Basi, nani anunue karatasi ya tribinali, na kwa njia gani?

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 149, yasema kwamba mamlaka ya mahakama ina bajeti yake, inayotayarishwa na Baraza Kuu la Mahakimu na kupelekwa kwa Serikali ili iingizwe katika bajeti kubwa ya nchi. Sababu ya kifungu hicho ni rahisi kuifahamu. Mwenye kushika kidau cha wino aweza kushika na mkono wa mwandishi. Ikiwa hakimu lazima apige magoti mbele ya mkubwa fulani ili apate kalamu, siku mkubwa yule atakaposhitakiwa, kalamu itakuwa nzito. Lakini kuandika fedha katika bajeti ni jambo moja, na fedha hiyo kufika na kugeuka karatasi juu ya meza ya karani ni jambo jingine. Kati ya mambo hayo mawili pana njia ndefu, nayo huitwa ununuzi.

Njia ya kwanza ni kununua kwa pamoja. Tuchukue mfano wa ubaoni. Shule nne zahitaji chaki, kila moja makasha 10. Kila mwalimu mkuu akienda dukani peke yake, atalipa bei ya rejareja. Wakikubaliana kumtuma mmoja wao aagize makasha 40 kwa mfanya biashara wa jumla, bei hushuka, na safari huwa moja badala ya nne. Ndivyo zifanyavyo nchi nyingi kwa ofisi zao, pamoja na za mahakama. Huko Ufaransa kipo chombo kiitwacho UGAP, kilichoanzishwa mwaka 1968, ambacho hununua kwa wingi na kuziuzia ofisi za umma. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha mwaka 2007 Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, uliochukua mahali pa Bohari Kuu ya zamani. Wakala huo hufanya jambo la akili: hupatana na wauzaji wengi juu ya bei na masharti ya vitu vya kila siku, kisha kila ofisi huagiza yenyewe kwa mmoja wa wauzaji hao kadiri ya mapatano yale. Hivyo bei huamuliwa pamoja, lakini mzigo hauna lazima ya kuzunguka nchi nzima kabla ya kufika.

Jambo hilo la mwisho latuhusu sana sisi wa Kongo. Nchi yetu yapita kilometa za mraba milioni 2, na tangu mwaka 2015 ina majimbo 26. Kama kila rimu lazima itoke Kinshasa, tribinali ya pembe za mbali itangoja hata mvua ipite na barabara ikauke. Tena, bohari moja ina mlango mmoja: akiupata mwizi, amezipata tribinali zote kwa siku moja. Na muuza karatasi wa mjini kwetu, anayelipa kodi na kulisha watoto, hukaa akitazama tu. Kwa hiyo kununua kwa pamoja ni kwema, ila kwahitaji hesabu safi na njia fupi ya kufikisha mzigo.

Njia ya pili ni zabuni ya wazi, ambayo kwetu watu huiita soko la Serikali. Nchini Kongo jambo hili lilikuwa na sheria tangu tarehe 5 Desemba 1969; sheria mpya ya tarehe 27 Aprili 2010 ilikuja kuchukua mahali pake. Sheria hiyo ya 2010 ilisimamisha misingi mitatu: kila mfanya biashara anayestahili awe huru kushindana, wote watendewe sawasawa, na mambo yafanyike mwangani. Mashindano ndiyo kanuni; kupatana na mtu mmoja bila mashindano ni jambo la pekee, nalo lahitaji ruhusa. Tena sheria ilitenganisha mikono: kuna kikundi cha ununuzi ndani ya kila idara inayonunua, kuna idara nyingine inayokagua, na kuna mamlaka ya tatu inayosimamia utaratibu na kupokea malalamiko ya mshindani aliyeonewa. Afanyaye hajikagui mwenyewe.

Tuwaeleze wanafunzi wetu hatua zenyewe. Kwanza, tribinali huhesabu mahitaji yake ya mwaka: karatasi, wino, vitabu vya kuandikia kesi, majalada, mihuri. Pili, huandikwa masharti, kisha hutolewa tangazo ili kila mtu asome. Tatu, wafanya biashara huleta bei zao katika bahasha zilizofungwa. Nne, bahasha hufunguliwa siku na saa iliyotajwa, mbele ya washindani wanaopenda kuhudhuria, na kila bei husomwa kwa sauti. Tano, huchaguliwa yule ambaye bei yake ni nafuu kati ya wale waliotimiza masharti. Sita, mzigo hupokewa na kukaguliwa kabla ya kulipwa.

Sheria haidai tangazo kubwa kwa ajili ya kalamu tano. Kwa vitu vidogo yatosha kuuliza bei kwa wafanya biashara kadhaa na kulinganisha. Lakini hapo ndipo wajanja wametoboa ukuta. Hukata soko kubwa vipande vipande, leo rimu 20, kesho rimu 20, ili kila kipande kionekane kidogo na kiende kwa rafiki yule yule. Sheria yakataza kukata namna hiyo kwa ajili ya kukwepa mashindano. Mwanafunzi anayejua kujumlisha aweza kuugundua ujanja huo: atazame hesabu ya mwaka mzima, wala si ya siku moja.

Ujanja wa pili umo katika masharti. Wengi hufikiri kwamba kazi imekwisha pale bei nafuu inapopatikana. Sivyo! Masharti yakisema "karatasi" tu, mshindi ataleta karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, naye hatakuwa amevunja neno lolote. Yafaa masharti yaseme: karatasi za A4, gramu 80, rimu ya karatasi 500. Sasa chukueni kalamu zenu. Gramu 80 ni uzito wa meta moja ya mraba ya karatasi hiyo. Karatasi 16 za A4 hufanya meta moja ya mraba. Basi karatasi moja ina gramu 5. Karatasi 500 zina gramu 2,500, maana yake kilo 2 na nusu. Kama mfanya biashara ameleta karatasi ya gramu 70, rimu yake itakuwa na uzito wa kilo 2 na gramu 200 hivi. Karani hana haja ya mashine ya Ulaya ili kumkamata. Mizani ya muuza samaki yatosha. Aweke rimu juu ya mizani mbele ya mashahidi, aandike uzito kitabuni, ndipo atie sahihi. Hukumu ya shamba itatafutwa baada ya miaka 30 na wajukuu; isiandikwe juu ya karatasi inayopasuka mkononi, wala kwa wino unaofifia.

Basi ni ipi njia bora, kununua pamoja au zabuni ya kila mahali? Sisi twaona kwamba hazigombani. Kwa vitu vinavyofanana kila mahali, kama karatasi na wino, bei na masharti yaamuliwe pamoja, tena kwa zabuni ya wazi. Kisha tribinali ya kila mji iagize kwa muuzaji wa karibu. Kwa vitu vya mahali pale, kama kutengeneza meza na kabati, washindane mafundi wa mji wenyewe. Na katika njia zote mbili, anayeagiza, anayepokea mzigo na anayelipa wasiwe mtu mmoja. Mtu mmoja akishika kazi hizo tatu, hata akiwa mwaminifu, tumemweka majaribuni bila sababu.

Jambo moja tusilisahau. Mfanya biashara aliyeonewa katika zabuni aweza kulalamika, na mwisho wake jambo laweza kufika mbele ya mahakama. Kwa hiyo haifai mahakama yenyewe, inapojinunulia vitu vyake, ivunje kwa mlango wa nyuma sheria ile inayowahukumia wengine kwa mlango wa mbele. Watu huitazama. Hakimu hufundisha kwa hukumu zake. Hufundisha pia kwa kabati lake.

Na sisi raia tufanye nini? Tusimlaumu karani peke yake. Mara nyingi naye ni mtu aliyeachwa bila kitu, na anatafuta namna ya kazi kuendelea. Lakini tulipapo ada, tuombe stakabadhi kwa adabu, nasi tuitunze. Tukiombwa rimu, tuulize kwa upole: "Baba, itaandikwa katika kitabu gani?" Swali hilo si tusi. Wafanya biashara Wakristo wasome matangazo ya zabuni na kushindana kwa haki, wasiseme kila mara, "Yamekwisha kugawanywa." Wakikaa nyumbani, kweli yatagawanywa. Na ninyi wanafunzi, wengi wenu mtakuwa makarani na watunza bohari. Jifunzeni tangu leo kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Mwanafunzi anayechukua chaki ya shule na kuipeleka nyumbani amekwisha kuanza masomo ya wizi wa bohari.

Tulirudi kwa mama yule na jibu. Tulimwambia: "Hapana, Mama, si sheria. Karatasi ya hukumu yako ilipaswa kununuliwa kwa fedha ya watu wote, kwa sababu haki ni ya watu wote." Alinyamaza kitambo, akiwa ameikunja nakala yake ndani ya kitambaa. Kisha akasema: "Basi, Mwalimu, yule atakayekuja nyuma yangu bila kuwa na mwalimu wa kumtafutia karatasi, atafanyaje?"

Wasomaji wapenzi, swali hilo twawaachia ninyi, hasa ninyi mtakaokaa siku moja mezani, kalamu mkononi, na mjane amesimama mbele yenu.