Rangi Nyekundu katika Maneno ya Waingereza



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo litupatalo sisi makarani karibu kila siku, nalo ni kuwafasiria maneno ya Kiingereza watu wasioijua lugha hiyo. Nimechagua rangi moja tu iwe mfano, yaani nyekundu, kwa kuwa ni rangi iliyotwishwa mizigo mingi sana katika lugha ile.

Wako wenzetu wasemao kwamba kwa Mwingereza nyekundu ni rangi ya ubaya. Nao hutoa ushahidi wao: bendera nyekundu ni hatari, taa nyekundu ni amri ya kusimama, hesabu iliyo katika nyekundu ni hesabu ya deni, na mtu aliyeshikwa na mikono myekundu ni mkosaji. Ushahidi huo ni kweli, lakini haujatimia. Maana Mwingereza yule yule humtandikia mgeni wa heshima zulia jekundu, na siku njema isiyosahaulika huiita siku ya herufi nyekundu. Basi rangi moja yawezaje kuwa aibu na heshima pamoja?

Mimi naona kwamba rangi yenyewe haisemi neno. Kila msemo ulizaliwa katika kazi fulani, na asiyeijua kazi hiyo hawezi kuufasiri msemo wake.

Tutazame wino, ambao ndio chombo chetu. Zamani, kabla ya kupiga chapa, waandishi wa Kanisa katika Ulaya waliandika vitabu kwa mkono. Maneno ya kitabu yaliandikwa kwa wino mweusi, na vichwa na maagizo kwa wino mwekundu. Katika kalenda, siku kuu za watakatifu ziliandikwa kwa nyekundu, na ndipo ulipotoka msemo wa siku ya herufi nyekundu. Hata leo majaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza huvaa majoho mekundu katika siku za namna hiyo. Lakini mwandishi wa daftari la hesabu naye alishika wino huo huo, akaandika kwa huo upungufu wa fedha, ili mwenye mali auone mara moja. Wino ni mmoja. Huyu ameandika sikukuu, yule ameandika deni. Neno walilopatana ni kwamba jicho la msomaji lisipite bila kuona.

Mikono myekundu nayo ina asili yake. Msemo huo ulitoka katika sheria za Uskoti za karne ya 15, na maana yake ilikuwa muuaji aliyekamatwa damu ingali mikononi mwake, kabla hajapata kunawa. Mwaka 1819 Walter Scott aliutia katika hadithi yake ya Ivanhoe, ukaenea kwa wasomaji wengi. Siku hizi hutumiwa hata kwa mwizi wa kuku, lakini kiini chake hakikubadilika: mtu amekutwa katika tendo lenyewe, wala si kwa kusingiziwa.

Uko tena msemo wa samaki mwekundu. Samaki huyo hutiwa chumvi nyingi na kukaushwa kwa moshi mpaka rangi yake ikageuka, na harufu yake ni kali. Mwaka 1807 mwandishi William Cobbett alisimulia habari ya kumburuta samaki wa namna hiyo chini ili mbwa wa kuwinda wapoteze njia ya sungura. Kwa hiyo hoja iletwayo barazani ili watu waache neno kubwa na kufuata neno dogo huitwa samaki mwekundu. Mwenye kufasiri na aseme tu, "Bwana huyu anatupoteza njia," naye atakuwa amemaliza kazi.

Na bendera? Mwaka 1865 sheria ya Uingereza iliagiza kwamba mbele ya gari la moshi lipitalo katika barabara za kawaida atangulie mtu kwa miguu, umbali wa yadi 60, ameshika bendera nyekundu awaonye watu na farasi. Amri hiyo ilikwisha zamani. Lakini tukumbuke pia masanduku ya posta. Mengi yalikuwa ya kijani, watu wakalalamika kwamba hayaonekani upesi, na tangu mwaka 1874 yakaanza kupakwa nyekundu. Sanduku la barua halina hatari yo yote; limepakwa ili lionekane.

Wala tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi twasema mtu ana macho mekundu kwa hasira, na papo hapo twamvika bibi arusi wa pwani kisutu chenye nyekundu, wala hakuna adhaniye kwamba bibi arusi amekasirika.

Sasa nije katika neno litugusalo sisi wenyewe, yaani utepe mwekundu. Kwa karne nyingi ofisi za Uingereza zilifunga hati zao kwa utepe wa rangi hiyo, na mawakili wa huko wangali wanafunga makaratasi yao kwa utepe wa rangi iliyofifia. Kazi ya utepe ilikuwa njema: hati ya yatima isichanganyike na ya tajiri, na barua ya leo isipotee kesho. Lakini katika karne ya 19 waandishi kama Thomas Carlyle na Charles Dickens waliugeuza kuwa neno la dhihaka, kwa sababu watu waliona shauri likifungwa tu, halifunguliwi. Tangu hapo utepe mwekundu ni jina la kawia-kawia ya ofisi. Aliyeuharibia jina utepe ni karani aliyefunga akasahau kufungua.

Kwa nini nayasema haya kwa makarani? Kwa sababu mfasiri mvivu huweza kumdhuru mtu. Fikirini mzee aliyetoka mbali kuuliza habari za shamba lake, naye karani amwambia neno kwa neno, "Shauri lako limefungwa kwa utepe mwekundu." Mzee atajiuliza, "Ni nani aliyelifunga, nami nimpe nini alifungue?" Hapo tumemfundisha kutoa rushwa bila sisi kutaka. Au mjane aambiwe kwamba hesabu yake imo katika nyekundu, arudi nyumbani akitetemeka kama aliyehukumiwa, kumbe anadaiwa fedha kidogo ambazo angeweza kuzilipa kwa mafungu. Kwa nini tusimwambie, "Mama, unadaiwa kiasi hiki, na mwisho wa kulipa ni siku fulani"?

Basi shauri langu kwa wanachama ni haya. Kwanza, ukikuta rangi katika maneno ya Kiingereza, uliza ilipakwa katika kazi gani, kisha ifasiri kazi hiyo na rangi uiache. Pili, ukishika wino mwekundu katika jalada, andika neno linalostahili kuonekana, wala usiutumie kwa kujikuza mbele ya wadogo wako. Maana ukurasa uliojaa nyekundu hauonyeshi neno lo lote. Tatu, kabla ya kufunga ofisi jioni, tazama mezani pako ni shauri la nani lililofungwa ambalo lingeweza kufunguliwa leo.

Tukifanya hivyo, wale wanaotungoja nje barazani hawatakuwa na haja ya kuujua msemo wa utepe mwekundu.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani Mwenzenu