Gitaa Moja Latosha

Sisi wakaazi wa Amani, hapa Unguja, ambao kila sherehe ya uwanjani hutuletea vipaza sauti vya kutikisa madirisha, na ambao harusi ya mtaani hatuihesabu kuwa harusi mpaka kinanda cha umeme kilie hadi usiku wa manane, huenda tukaona ni muhali mtu mmoja, mwenye gitaa la mbao lisilo na waya wa umeme, kuwakalisha watu kitako wakamsikiliza saa nzima. Mimi nadai si muhali, na shahidi wangu ni marehemu Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo.

Bwana huyo, aliyezaliwa 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, na wimbo wake wa Masanga ukampatia sifa iliyomfikisha hata kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Lakini zaidi ya santuri hizo za ujana naipenda albamu ya Mwenda wa Bayeke, aliyoirekodi Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya ajali ya gari iliyomwondoa duniani. Kidole gumba chashika nyuzi nene kwa mwendo usioyumba, na huku kidole cha shahada charandaranda juu ya nyuzi nyembamba kwa lahani nyingine kabisa, hata asiyejua hudhani wapigaji ni wawili; na kila ubeti ukirudi, haurudi kama ulivyokuja, bali huongezwa na kupunguzwa papo hapo, jambo ambalo wapenzi wa jazi huwasifia mabwana wao wa Marekani, na hapa latoka katika nyimbo za kienyeji. Kiswahili chake, naam, mwalimu wa Unguja angekipiga wino mwekundu. Lakini kinasikika neno kwa neno, na hilo siku hizi ni tunu.

Wapo watakaosema kwamba Wazanzibari, tangu kikundi cha tarabu cha Ikhwani Safaa kilipoasisiwa mwaka 1905, tumelelewa na muziki wa jamaa, wa fidla, kanuni na akodiani kwa pamoja. Kweli, walakini katika tarabu hiyohiyo, mpiga udi aanzapo taksim, yaani kipande chake cha peke yake, wenziwe wote hunyamaza, na hadhira haimwoni mpungufu. Masikio basi tunayo. Tulichokosa ni ujasiri wa watayarishaji, ambao kijana akija studio na gitaa lake, humtilia ngoma ya kompyuta kabla hajamaliza kukaza nyuzi.

Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kipo papa hapa Mji Mkongwe, na tamasha la Sauti za Busara hukusanya watu Ngome Kongwe kila mwaka. Wamteue mpiga gitaa mmoja, wampe kiti na maikrofoni mbili, asirekodi ila nyimbo zake na za wazee wake, na kinanda kibaki ndani ya sanduku lake.